Mtakatifu Bakhita na Mwaka Aliokataa Kurudi

Jumuiya ndogo ndogo za Nairobi zinazomwomba Mtakatifu Josephine Bakhita huanza novena yake, yaani sala za siku tisa, mwishoni mwa Januari. Kabla ya rozari, mtu mmoja huombwa asome habari za maisha yake, na mara nyingi kinachosomwa ni karatasi ya nusu ukurasa: alizaliwa Sudan, akaibwa akiwa mtoto, akateswa, akapelekwa Italia, akabatizwa, akawa sista, akawasamehe waliomwiba. Hakuna uongo hapo. Kasoro iko kwenye kilichorukwa. Kati ya "akapelekwa Italia" na "akabatizwa" kuna mwaka mmoja, kuanzia Novemba 1888 hadi Novemba 1889, na bila mwaka huo haieleweki kwa nini watu waliouzwa wamemfanya mwombezi wao. Ukiuruka, unabaki na mtumwa mpole aliyesamehe. Msichana aliyenyang'anywa pasipoti Riyadh, au aliyefungiwa nyumba ya mtu hapa hapa Nairobi bila mshahara, akisikia habari hiyo anaelewa kwamba Kanisa linamwambia avumilie. Bakhita hakuvumilia, na ushahidi upo.

Kutoka mkono hadi mkono

Alizaliwa mnamo 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, upande wa magharibi wa Sudan ya leo, kwa Wadaju. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye uwezo, na ndugu ya baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Dada yake mkubwa alichukuliwa na wateka watumwa miaka michache kabla yake, kwa hiyo hofu ilikuwa tayari imeingia nyumbani.

Yeye mwenyewe aliibwa mnamo 1877, akiwa na miaka saba au minane. Namna alivyoibwa inafaa isomwe kwa makini. Hawakuja wapanda farasi wenye bunduki. Wanaume wawili walimkuta shambani na rafiki yake mkubwa kidogo, wakamwambia rafiki aendelee na njia yake, kisha mmoja akamwomba mtoto amletee furushi alilodai kulisahau msituni. Mtoto aliyelelewa kuwatii wakubwa akaenda. Msituni ndipo kisu kilipotolewa. Walipomuuliza jina, hofu ilimziba mdomo, wakampa jina la Kiarabu, Bakhita, yaani mwenye bahati. Jina alilopewa na wazazi lilimtoka kabisa na halikurudi maisha yake yote.

Agosti 4 ya mwaka huo wa 1877, Uingereza na Misri, iliyokuwa ikiitawala Sudan, zilitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Uingizaji na upitishaji wa watumwa ulipigwa marufuku, lakini uuzaji wa mtumwa kutoka nyumba moja hadi nyingine ndani ya Sudan ukapewa miaka 12 ya kujimaliza wenyewe. Utoto wote wa Bakhita ulipotelea ndani ya miaka hiyo 12. Sheria ilikuwepo, na soko la El Obeid lilikuwepo, na aliyeuzwa ni yeye.

Alitembezwa miguu mitupu hadi El Obeid, mwendo wa karibu kilomita 960, na kabla ya kufika alikuwa ameshauzwa mara mbili. Njiani alijaribu kutoroka na msichana mwenzake. Walikata mbuga usiku, wakakutana na mwanamume aliyejifanya mwokozi, na huyo naye akawafungia zizini pamoja na kondoo kisha akawauza. El Obeid alinunuliwa na mkuu mmoja wa Kiarabu akawa mjakazi wa binti zake. Alipomkosea mtoto wa kiume wa nyumba ile alipigwa hadi akalala zaidi ya mwezi bila kuweza kuinuka kwenye nyasi alizolalia. Mmiliki aliyefuata alikuwa jenerali wa Kituruki. Mke na mama mkwe wa jenerali ndio waliokuwa na amri juu yake, na kwa amri hiyo alichanjwa: michoro ikachorwa kwa unga mweupe kifuani, tumboni na kwenye mkono wa kulia, wembe ukafuata mistari, chumvi ikasuguliwa kwenye majeraha ili makovu yabaki wazi. Makovu yalikuwa 114.

Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na makamu wa konsuli wa Italia, Callisto Legnani. Huko hakupigwa. Majeshi ya Mahdi, kiongozi wa uasi dhidi ya utawala wa Misri, yalipoukaribia mji, Legnani alijiandaa kuondoka na Bakhita akamsihi amchukue. Walisafiri kwa ngamia hadi bandari ya Suakin kwenye Bahari ya Shamu pamoja na rafiki ya Legnani aitwaye Augusto Michieli. Khartoum ilianguka Januari 1885, na Aprili mwaka huo meli yao ikatia nanga Genoa. Bandarini alikuwepo mke wa Michieli, Maria Turina, aliyetaka naye apewe mtumishi kutoka Afrika. Legnani akamtoa Bakhita. Hakuna fedha iliyobadilishana mikono safari hii. Alitolewa zawadi.

Hapa karatasi zetu za nusu ukurasa huandika kwamba alipofika Italia "alipata familia nzuri". Nyumba ya akina Michieli, kule Zianigo karibu na Mirano, kweli haikuwa ya mijeledi. Alilea mtoto wao Mimmina, aliyezaliwa 1886, na walipendana kama mama na mwana. Lakini hakuwa na mshahara, hakuwa na karatasi, na hakuna aliyemuuliza anataka kukaa wapi. Michieli aliponunua hoteli kubwa Suakin, Bakhita na mtoto walipelekwa huko kwa miezi tisa, wakarudishwa, na mpango ukawa wahamie moja kwa moja. Msichana wa miaka karibu 20 angerudishwa katika nchi ile ile aliyouzwa, akafanye kazi ya hoteli.

Venice, Novemba 1888 hadi Novemba 1889

Turina alitangulia kwenda Suakin kwa mumewe. Kwa ushauri wa msimamizi wa mali yao, Illuminato Checchini, aliwaacha Mimmina na Bakhita kwa Masista wa Canossa waliokuwa na nyumba ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, Venice. Checchini ndiye aliyekuwa amempa Bakhita msalaba mdogo wa fedha, kitu chake cha kwanza kukimiliki katika simulizi lake. Tarehe ya kuingia ni Novemba 29, 1888.

Alifundishwa na Sista Maria Fabretti. Katekesi aliifuata kwa uzito wa mtu ambaye tangu utotoni alikuwa akiangalia jua, mwezi na nyota akijiuliza nani mwenye vitu hivi. Kwa mtu aliyemilikiwa na mabwana mmoja baada ya mwingine, kusikia kwamba yuko Bwana mmoja juu ya wote, naye alipigwa mijeledi, halikuwa fundisho la kukariri. Papa Benedikto XVI alilichukua jambo hili mwaka 2007 katika waraka wake juu ya tumaini, akaanza na Bakhita kabla ya kugusa mwanafalsafa yeyote.

Turina aliporudi kumchukua ili waende Suakin, Bakhita alikataa.

Kukataa huku kulikuwa kugumu, na ugumu wake ndio unaomfanya awe karibu na watu wanaoshughulikia waathiriwa leo. Mbele yake hakusimama yule mwenye wembe na chumvi. Alisimama mwanamke aliyemvisha, aliyemlisha, aliyeamini kwamba anamtendea wema. Turina alilia, akabembeleza, akamwita asiye na shukrani. Mimmina alimng'ang'ania. Kukubali kwenda kungempa Bakhita mtoto anayempenda, nyumba anayoijua na jina la mtumishi mwema. Kubaki kulimpa ubatizo ambao bado hajaupata na maisha katika nchi ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. Alisema anampenda bibi, anampenda mtoto, lakini hatoki mle ndani, kwa kuwa hawezi kumpoteza Mungu. Alibanwa kwa siku tatu.

Mkuu wa nyumba alipeleka habari kwa Patriarki wa Venice, Kardinali Domenico Agostini, naye akaifikisha kwa mwendesha mashtaka wa mfalme. Novemba 29, 1889, kikao kilikaa mle mle katika nyumba ya wakatekumeni: patriarki, mwakilishi wa serikali, masista, Turina na watu wake, na Bakhita katikati. Uamuzi ulikuwa mfupi. Sheria ya Italia haitambui utumwa. Mtu aliyekanyaga ardhi ya Italia hana mmiliki. Bakhita ametimiza umri wa kujiamulia, na aulizwe mwenyewe. Akaulizwa. Akasema anabaki. Turina aliondoka na mtoto akilia, na Bakhita naye akabaki analia.

Ukitazama kilichofanya kazi siku ile unaona vitu vinne, na kimoja kingekosekana vingine vitatu visingetosha. Alikuwa na mahali pa kulala pasipo pa Turina. Alikuwa na watu waliokubali kugombana na familia yenye heshima kwa ajili ya mtu asiye na kitu. Palikuwa na sheria inayotaja hali yake, na ofisa aliyekuja kuitumia. Na yeye mwenyewe alisema. Miaka minne na nusu ilikuwa imepita tangu akanyage ardhi ya Italia, na ukiacha miezi tisa ya Suakin aliishi chini ya sheria ile ile bila kuwa huru, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Hilo ndilo linalotokea Nairobi. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu imekuwepo Kenya tangu 2010. Inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Inahesabu mambo matatu: kitendo, kama kuajiri, kusafirisha, kuhamisha au kupokea mtu, njia, kama nguvu, udanganyifu au kutumia udhaifu wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Akiwa ni mtoto, njia haihitaji kuthibitishwa. Na kama mtu mzima alikubali kwa kudanganywa, kukubali kwake hakumwokoi mlanguzi. Pima maisha ya Bakhita kwa kipimo hiki. Wale wa msituni wanaingia mara moja. Aliyejifanya mwokozi anaingia. Legnani na Turina wanatupa shida, na shida hiyo ni ya kweli, kwa sababu kesi nyingi za leo zinafanana na nyumba ya Turina kuliko ya jenerali: msichana aliyetolewa kijijini na shangazi "ili asomeshwe", akaishia kulea watoto na kufua bila mshahara, huku kila mtu akimwambia ashukuru anakula.

Anayeondoka kwenda Ghuba kufanya kazi za ndani anahitaji mambo machache ambayo jumuiya yoyote inaweza kumsaidia kuyakagua kabla ya kumwombea safari njema. Ajenti awe kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Jina linalofanana halitoshi, maana matapeli hutumia majina yanayokaribiana. Mkataba wa kazi ya nje uwe umethibitishwa na afisa wa kazi. Visa iwe ya kazi, isiwe ya utalii "itakayobadilishwa mkifika". Nakala ya pasipoti, mkataba, jina na anwani ya mwajiri ibaki kwa mtu wa nyumbani, kwenye karatasi na pia kwenye simu, kwa kuwa pasipoti ndiyo hunyang'anywa kwanza. Kinachoharibika mara nyingi ni haraka: mtu huambiwa nafasi ni mbili na ndege ni Ijumaa, halafu anatia sahihi asichosoma. Na kazi za kompyuta zinazotangazwa Thailand zimewafikisha Wakenya katika kambi za utapeli Myanmar, wakiwa na shahada mkononi, kwa hiyo si suala la wasichana wa kazi za nyumbani peke yao. Kwa mtoto anayefungiwa au kufanyishwa kazi, namba ya 116 inapigwa bila malipo. Nairobi pia kuna shirika la HAART, linaloshughulikia ulanguzi pekee tangu 2010.

Kubusu mikono

Bakhita alibatizwa Januari 9, 1890, akapewa majina Josephine Margaret Fortunata, na siku hiyo hiyo akapata kipaimara na komunyo ya kwanza. Maandishi mengi yanasema aliyempa sakramenti ni Giuseppe Sarto, Papa Pius X wa baadaye. Haiwezekani: Sarto alikuwa askofu wa Mantua wakati huo na alifanywa Patriarki wa Venice mwaka 1893. Ni Agostini. Sarto anaingia baadaye, Bakhita alipojiandaa kuweka nadhiri, alizoziweka Desemba 8, 1896.

Kuanzia 1902 aliishi Schio, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Italia, hadi kifo chake Februari 8, 1947, isipokuwa miaka michache aliyokuwa Vimercate karibu na Milano akiwaandaa masista wanaokwenda misioni. Alipika, alitarizi, alitunza sakristia, alifungua mlango. Watu wa Schio walimwita Madre Moretta, mama mweusi. Hakuandika kitabu. Tunachojua kinatoka hasa katika simulizi alilomwambia Sista Teresa Fabris mwaka 1910, kwa lahaja ya Venice, na mahojiano yake na Ida Zanolini ya mwaka 1930 yaliyochapishwa mwaka uliofuata. Ndiyo maana tarehe za utotoni ni za makadirio na za Italia ni kamili.

Sasa ile kauli. Mwanafunzi mmoja alimuuliza angefanya nini akikutana na waliomteka. Alijibu kwamba angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwani bila hayo asingekuwa Mkristo wala mtawa. Kauli ni yake, na ni ya imani nzito. Lakini inatumika vibaya mno. Mwanamke anaporudi kutoka Ghuba na makovu ya pasi mgongoni, akataka kumshtaki ajenti ambaye pengine ni jirani au ni mtu wa kanisani, kuna watakaomsomea Bakhita ili anyamaze.

Jibu liko katika mpangilio wa miaka. Alitamka hivyo akiwa mtawa huru, miaka mingi baada ya kikao cha Venice. Hakuna aliyemlazimisha kubusu mkono wa Turina mwaka 1889, na hakuubusu kwa maana ya kurudi. Msamaha wake ulitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumrudisha tena. Zaidi ya hayo, mwili wake haukusahau. Katika saa zake za mwisho, homa ikiwa kali, alimwomba aliyemuuguza amlegeze minyororo kidogo kwa kuwa inambana. Ilikuwa miaka 57 baada ya ubatizo. Mshauri wa kiroho anayemwambia mwathiriwa kwamba akisamehe kweli ndoto mbaya zitakoma, anamwambia jambo ambalo halikutokea hata kwa mtakatifu.

Alivyofika altareni, na usimamizi unavyotokea

Mchakato wa kumtangaza ulianza 1959, miaka 12 baada ya kifo. Desemba 1, 1978 fadhila zake zilitambuliwa kuwa za kishujaa. Mei 17, 1992 alitangazwa mwenyeheri, hatua ya mwisho kabla ya utakatifu, na Oktoba 1, 2000 mtakatifu, kufuatia uponyaji wa mwanamke wa Santos, Brazil, aliyekuwa na vidonda vya miguu vya kisukari. Katikati ya tarehe hizo mbili, Februari 10, 1993, Papa Yohane Paulo II alikwenda Khartoum na kumtaja mbele ya Wasudani, nchi ikiwa vitani.

Yeye si mtakatifu wa kwanza mweusi, kama inavyotangazwa kwenye vipaza sauti. Mashahidi 22 wa Uganda walitangazwa mwaka 1964, na Martín de Porres wa Peru mwaka 1962. Wala kwao si Sudan Kusini. Darfur iko Sudan. Wakristo wa Sudan Kusini wanamheshimu kama wao, redio ya Kanisa kule Juba inaitwa kwa jina lake, na parokiani Nairobi Msudani wa Darfur na Msudani Kusini wanaweza kukaa benchi moja wakimwita dada. Hakuna sababu ya kuwagombanisha, ila anayetangaza aseme Darfur, hasa sasa ambapo tangu Aprili 2023 vita vimewatoa watu tena katika vijiji vya eneo lile lile.

Usimamizi wenyewe, yaani mtakatifu kuwa mwombezi wa kundi fulani, huja kwa njia mbili, na siku yenyewe ya Februari 8 ina mfano wa kila njia. Kalenda inamkumbuka Bakhita pamoja na Jerome Emiliani wa Venice, aliyekufa 1537. Jerome alitangazwa na Papa Pius XI mwaka 1928 kuwa msimamizi wa yatima na watoto walioachwa. Hiyo ni njia ya tamko. Bakhita alifika kwa njia ya pili: waliolanguliwa na wanaowasaidia walianza kumwomba, watawa wakaweka kazi zao chini ya jina lake, na mwaka 2015, kwa ombi la Papa Fransisko, vyama vya wakuu wa mashirika ya kitawa duniani vikaifanya Februari 8 kuwa siku ya kimataifa ya sala na tafakari dhidi ya ulanguzi wa binadamu.

Jumuiya ndogo inaweza kumchagua kwa makubaliano na padre wa parokia, bila barua ya Roma. Kanisa linalojengwa ni jambo jingine: jina lake huwekwa kwa idhini ya askofu, na likishabarikiwa kwa jina la mtakatifu halibadilishwi kirahisi. Bakhita ni mtakatifu kamili, kwa hiyo anaruhusiwa. Mwenyeheri, kama Irene Stefani wa Nyeri, anahitaji ruhusa maalumu ya Vatican kabla kanisa halijapewa jina lake, na hapo ndipo kamati za ujenzi hujikwaa: bango linachorwa, harambee inaitishwa, halafu kibali hakipo.

Tarehe na rangi

Novena huhesabiwa ili iishe mkesha wa sikukuu. Kwa Bakhita ianze Januari 30 na ikamilike Februari 7. Wanaoanza Januari 31 hujikuta wakisali siku ya tisa wakati Misa ya sikukuu inaendelea. Si dhambi, ila siku ya sikukuu inakosa nafasi yake.

Rangi ni nyeupe. Kwa kuwa alimwaga damu, wapambaji huleta vitambaa vyekundu, lakini nyekundu ni ya mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani, naye alikufa kitandani akiwa na miaka 78 hivi. Kumbukumbu yake ni ya hiari, hivyo padre anaweza kusoma Misa yake, ya Jerome Emiliani, au ya siku, aulizwe mapema. Februari 8 ikiangukia Jumapili, kama ilivyokuwa 2026, Jumapili inashinda, na Bakhita anaingia katika dua za waamini na mahubiri tu. Kanisa lenye jina lake haliguswi na hilo, kwa sababu kwake siku hiyo ni sherehe na inaweza kusomwa hata Jumapili ya kipindi cha kawaida. Mara chache Jumatano ya Majivu huwahi, kama Februari 6, 2008. Hapo kumbukumbu hupunguzwa na rangi hubaki ya Kwaresima.

Wanaozungumza

Kuna kipindi cha maisha yake ambacho wachache hukisoma. Katika miaka ya 1930, kitabu cha Zanolini kilipotoka, wakubwa wake walimzungusha Italia nzima kwa ajili ya misioni. Sista aliyerudi kutoka China, Leopolda Benetti, ndiye aliyesimulia. Bakhita alipanda jukwaani, akasema maneno machache, akaomba watu wasali, akashuka. Umati ulikuja kumtazama. Ilikuwa ni miaka ile ile Italia ilipoivamia Ethiopia, na Desemba 1936, akiwa na masista waliokuwa wakielekea Addis Ababa, alipelekwa Roma mbele ya Mussolini. Mwanamke aliyeibwa Afrika alikuwa sasa akiwafaa watu waliokuwa wakiiteka Afrika. Alitii, na zoezi lile lilimlemea. Kwa hiari yake angebaki mlangoni Schio.

Parokia inayoadhimisha Februari 8 huwa inatafuta "mwathiriwa aje atoe ushuhuda". Nia ni njema, lakini inarudia ziara zile. Aliyerudi nyumbani majuzi, ambaye kesi yake bado iko polisi, anaweza kutambuliwa na watu wa ajenti kupitia video ya dakika mbili iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la parokia, na alichosema kwenye kipaza sauti kinaweza kugongana na maelezo aliyoandikisha. Aulizwe faraghani, zaidi ya mara moja, na mtu ambaye hamtegemei kwa chakula wala kodi, ili hapana yake iwe rahisi kutamka. Akikubali, aandike mwenyewe na mwingine asome bila kutaja jina, nchi aliyokuwa wala mwaka. Simu zizimwe. Sadaka ya siku hiyo, kama imekusanywa kwa ajili yake, ipitie kwa mweka hazina na iandikwe matumizi yake: nauli ya kwenda mahakamani kila kesi inapoahirishwa, kodi ya miezi mitatu, ada ya mafunzo ya ufundi, na gharama ya kuomba pasipoti mpya kama ile ya zamani ilibaki kwa mwajiri.